Mashimo ya Mirihi na Jiwe la Osukuru

Münster, Ujerumani
14 Januari 2024

Baba mdogo Emoit,

Yoga! Ni mimi, binti yenu Asio. Natumaini barua hii inawakuta wazima hapo Osukuru, wewe na Mama mdogo Akullo, na kwamba kuku wake wamepona ule ugonjwa uliokuwa unawamaliza. Mimi sijambo. Navaa soksi juu ya soksi na bado vidole vya miguu vinalalamika. Mama alinipigia siku ya Krismasi kutoka Dabani, bado anamuuguza bibi. Anasema mihogo imekubali ila karanga zimeliwa na wadudu, na bibi, hata akiwa kitandani, anatoa amri kwa nyumba nzima.

Wenzangu hapa wananicheka kwa kuandika barua za karatasi. Nimewaambia masikio ya baba yangu mdogo na simu hayaelewani, kila nikisema "nimepata kazi" yeye anasikia "nimepata homa" na anaanza kuniombea. Kwa hiyo tunaandikiana, na posta ifanye itakavyo.

Uliniuliza mtoto wa kaka yako Okanya anafanya nini kutwa nzima na nyota. Si nyota, Baba mdogo, ni sayari, inaitwa Mirihi. Huko kuna gari dogo lisilo na dereva, linatambaa juu ya mawe, linapiga picha na kuzituma huku. Kazi yetu ni kuzitazama na kusema kilichomo. Unaweza kudhani ni kazi ya kukaa tu. Lakini hakuna mtu aliyesimama pembeni ya jiwe ili ujue ukubwa wake, hakuna mti wala ng'ombe, kwa hiyo kokoto inaonekana mlima na mlima unaonekana kokoto. Halafu macho ya binadamu hayapendi kukaa bila kazi. Watu mitandaoni wameshaona huko mlango, kijiko, na mwanamke aliyeketi na mzigo wake akisubiri usafiri. Ukigeuza picha, mwanamke ni kivuli.

Mimi mwenyewe mwezi uliopita nilipewa picha iliyonifanya niache chai ipoe. Nimekutolea nakala. Tazama jiwe la katikati uniambie unaona nini, nami nitakueleza yaliyonipata.

Msalimie Mama mdogo, na Loice wa chai, na wote wanaoniulizia.

Ni mimi, ninayetamani sana mihogo ya kuchoma,
Asio


Osukuru, Tororo
20 Februari 2024

Mwanangu Harriet Asio,

Barua yako imenikuta hai, na kwa umri wangu hilo si jambo dogo. Mama mdogo wako hajambo, kuku waliobaki ni wale wakorofi tu, hao hata ugonjwa unawaogopa. Mvua bado. Malori kule Malaba yamepanga foleni mpaka madereva wanaoga barabarani bila haya. Tangu nilipostaafu uwakala wa forodha siendi tena huko ila kwa chai ya Loice, ambaye sasa amejenga kibanda cha mabati na anajiona ana hoteli. Anakusalimu. Anauliza kama Wazungu wanakupa chakula, maana katika picha uliyotuma umebaki shingo.

Picha yako nimeitazama kwa miwani na bila miwani. Mwanangu, hilo ni bao la mweso. Mashimo yamekaa safu, yamelingana, nafasi kati yake ni ileile. Nilimpa jirani yetu Otai naye atazame. Akaniuliza, "Sasa huko juu nani nacheza na nani?" Loice akadakia, "Hao wameacha mchezo katikati. Moja atakuja kumaliza." Tumebishana jioni nzima na hatujapatana. Tuletee jibu.

Sasa nikueleze lililonishikisha kalamu. Kuna kampuni ya kokoto za barabara ya lami imekuja upande wetu wa kilima. Wanalitaka jiwe. Unalijua ni lipi: lile pana nyuma ya nyumba ya zamani, lenye mashimo ya mweso, ambapo babu yako alicheza na baba yake alicheza, na ambapo baba yako alinishinda kila Jumapili na hakuwahi hata mara moja kunionea huruma. Wanasema watalipasua kwa baruti. Na kaburi la baba yako liko chini yake palepale, kama alivyoomba mwenyewe, kwa hiyo lazima lihamishwe. Majirani wawili wameshakubali kuhamisha wazee wao. Mimi sijakubali. Kwetu mtu aliyelala hafukuliwi hivihivi, na barabara ya lami kwangu mimi si sababu ya kumwamsha kaka yangu.

Akaja binti mmoja wa ofisi inayoshughulikia mambo ya kale, anaitwa Provia, mpole, mwenye adabu. Akasema, "Mzee, kama hii mashimo ni ya wazee wa zamani kweli, jiwe inaweza kulindwa. Kampuni itaanzia mbali. Lakini nataka karatasi ya mtu mwenye amesomea mawe." Nikacheka peke yangu. Watu wengine wanatafuta mtaalamu wa mawe, mimi ninaye, nimemfuta kamasi.

Kwa hiyo nimemleta mpiga picha kutoka Tororo mjini, akapiga jiwe lote saa sita mchana ili mwanga uwe wa kutosha. Picha hizi hapa. Kaburi linaonekana pembeni. Nilimwambia asilikate.

Andika karatasi hiyo, mwanangu. Andika kwa Kiingereza kigumu.

Mzee wako ambaye bado anapumua,
Emoit


Münster
18 Machi 2024

Baba mdogo,

Yoga, na poleni na kiangazi. Mama anasema Dabani nao wanatazama mawingu tu. Bibi sasa anakaa nje kidogo asubuhi, tumshukuru Mungu. Mwambie Loice chakula kipo, tatizo ni kwamba hakina ladha ya kitu chochote.

Barua yako ilinichekesha mpaka Mireille akaacha kazi akanitazama. Mireille ni Mfaransa ninayekaa naye ofisi moja. Nilicheka kwa sababu mimi nami nilisema mweso! Nilisimama mbele ya mkutano mzima, mgeni mwenye mwezi mmoja kazini, nikasema kwetu mashimo ya namna hii huchongwa na watu. Mwalimu wangu akanieleza taratibu, bila kunidhalilisha, kwamba yametobolewa na gari letu wenyewe. Gari lile hupiga jiwe kwa mwali mkali wa mwanga ili kujua limeundwa na nini, na kila pigo linaacha kitundu kidogo kuliko kichwa cha pini. Baadaye linapiga picha. Mimi nilipewa picha bila maelezo yake. Waambie Otai na Loice mchezaji ni sisi, na tulikuwa tunashangaa alama zetu.

Sasa jiwe letu. Baba mdogo, picha zako ni nzuri lakini zimepigwa jua likiwa utosini. Hakuna vivuli, na bila vivuli siwezi kujua shimo lina kina gani wala kingo zake zimelainika kiasi gani. Kwa macho ya mtu mwingine hayo ni madoa tu. Naomba zipigwe tena asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, na uweke rula kando ya mashimo.

La muhimu kuliko yote ni hili. Jiwe lisiguswe. Unayakumbuka yale madoa ya kijivu na ya manjano yanayoota juu yake, tuliyokuwa tukiyabandua kwa kucha tukiwa watoto na mama anatupigia kelele? Hayo ni viumbe hai. Yanakua polepole mno, na shimo ambalo yameota ndani yake haliwezi kuwa la juzi. Hayo ndiyo ushahidi wetu. Msiyasugue, msiyamwagie maji, hata mbuzi wafungwe mbali.

Kwa lile la pembeni mwa picha, asante kwa kutolikata.

Ninayewawaza kila siku,
Asio


Osukuru
12 Aprili 2024

Mwanangu,

Barua yako haijafika. Nadhani imekaa mahali inakunywa soda. Sikungoja, maana Provia ameleta habari kwamba wakubwa wake watakuja mwezi wa sita kuliona jiwe kwa macho yao.

Kwanza salamu. Pasaka tumeila vizuri, mvua imefika, Mama mdogo wako amepanda wimbi na sasa anawafukuza ndege kwa matusi ambayo padri hajawahi kuyasikia. Goti langu linaniuma, lakini goti linalouma ni la mtu aliye hai.

Nikueleze tulivyofanya. Wageni hawapokelewi na uchafu, hilo unalijua. Akullo amekandika nyumba upya, na mimi na Otai tumeshughulika na jiwe. Lilikuwa limechakaa, mwanangu, unaweza kulia! Kijivu kila mahali, manjano kila mahali. Tumelisugua kwa majivu na maji na brashi ya chuma mpaka limeng'aa. Halafu mashimo. Mengine yalikuwa yamefubaa, kingo zimelala. Nikakumbuka mama yetu: akisikia wageni wanakuja, kitu cha kwanza alilipindua jiwe la kusagia akaligonga upya, tang, tang, tang, mpaka likwaruze kama jipya, kwa sababu jiwe butu ni aibu ya nyumba. Nami nikachukua nyundo na patasi nikayagonga moja baada ya jingine. Otai alishika rula mstari usipinde. Loice alipita na birika lake akasimama akatutazama. "Mzee, wewe nasafisha jiwe ama naoa?"

Safari hii mpiga picha alikuja asubuhi, mwenyewe alisema ni bora. Tazama! Kila shimo limesimama. Mtu hawezi tena kusema hayaonekani.

Sasa andika karatasi upesi, wakubwa wasije wakakuta mikono mitupu.

Mzee wako ambaye mikono yake imejaa malengelenge ya furaha,
Emoit


Münster
6 Mei 2024

Baba mdogo,

Yoga. Natumaini goti limepoa na wimbi limeota. Mimi mzima.

Barua yangu ya Machi imekufikia? Naomba uniambie ilifika lini, hata kama ni jana.

Nimezipokea picha. Nimekaa nazo tangu asubuhi. Ndani yake naona jiwe jeupe, safi, lenye mashimo makali yaliyopangwa vizuri, na alama za patasi mpya ndani ya kila shimo. Sioni kingine. Je, kuna upande wowote ambao hamkuusugua? Hata kipande cha ukubwa wa kiganja? Kuna mtu yeyote aliyewahi kulipiga picha zamani, kwenye harusi, kwenye matanga? Zile za saa sita hazitoshi, mashimo hayaonekani ndani.

Hapa kazini tuna utaratibu. Mtu anayelitaka sana jibu fulani haruhusiwi kuisoma picha peke yake. Anampa mwenzake asiyejua habari yake. Basi nilimpa Mireille picha zako bila kumwambia zimetoka wapi. Alizitazama dakika chache tu. Akasema ni chuma, na ni kazi ya mwaka huu. Nilitaka kumnyang'anya.

Sikasiriki, Baba mdogo. Najua ulikuwa unawaandalia wageni. Nijibu upesi.

Asio


Osukuru
8 Juni 2024

Asio,

Tuko wazima. Barua yako ya Machi imefika wiki moja baada ya ile ya Mei. Nimeisoma. Upande ambao hatukuusugua haupo, tulifanya kazi kamili. Picha za zamani hazipo, wakati ule nani alipiga picha jiwe?

Sasa nisikilize. Wewe unaweza kusimama mbele ya Wazungu ukatoa habari za mawe ya Mirihi, ambayo hakuna mama wala baba aliyewahi kuyakanyaga, lakini jiwe ulilolikalia ukila mihogo hulijui? Huyo Mfaransa amelikalia? Sikuombi uongo. Mashimo yale ni ya zamani, mimi ni shahidi, baba yangu alikuwa shahidi, na wewe mwenyewe ulijifunzia hesabu humo kwa mbegu kabla hujajua shule. Mimi nimeyagonga tu, kama mtu anavyopaka chokaa nyumba ya babu yake. Nyumba haigeuki kuwa yangu wala ya jana.

Naomba uandike unachokijua, si unachokiona.

Wakubwa wameahirisha safari, watakuja mwezi wa nane. Muda unao.

Mama mdogo wako anakusalimu sana. Mimi pia, lakini kidogo.

Emoit


Münster
30 Juni 2024

Baba mdogo wangu,

Yoga. Bibi ameanza kutembea mpaka mlangoni, mama amenipigia akilia kwa furaha. Nimeanza na hilo kwa sababu yanayofuata ni magumu kwangu.

Nimeandika karatasi hiyo mara nyingi. Moja ilikuwa na Kiingereza kigumu kama ulivyotaka, inasema mashimo ni ya karne nyingi, na chini niliweka jina langu. Ilikuwa nzuri. Nikaisoma kwa sauti, nikaichana.

Najua mashimo ni ya zamani. Nayajua kama ninavyojua sauti yako. Lakini Provia hakuomba karatasi ya binti wa Okanya. Aliomba ya mtu wa mawe, na mtu wa mawe ana picha tu, na katika picha kuna patasi. Nikiandika nisichokiona, atakuja mtu mwingine mwenye macho, atainama kama alivyoinama Mireille, atasema Emoit wa Osukuru alichonga jiwe lake na mtoto wake akamfichia. Jiwe litaondoka vilevile na jina lako litaondoka nalo. Hilo silikubali.

Kuna jambo jingine ambalo sijakuambia. Kila picha uliyonitumia, mimi hutazama pembeni kwanza. Nimeikuza ile pembe kwenye kompyuta mpaka kaburi limegeuka vipande vya mraba visivyo na maana, na bado nikaendelea kukuza. Sijawahi kuliona, Baba mdogo. Mwaka ule wa korona mlimzika mimi nikiwa nimefungiwa chumba kimoja huku, ndege hazirukii, mipaka imefungwa. Nilimzika kwenye simu ya Loice, inakatika, inarudi, inakatika. Niliona miguu ya watu na udongo mwekundu, halafu nikaona paa la gari. Baadaye ndege ziliporuka nilisema ni masomo, nikasema ni viza. Ukweli ni kwamba ninaogopa kufika mahali ambapo kila mtu amekwisha kulia akanawa uso, na mimi ndiyo kwanza naanza.

Kwa hiyo usifikiri sijali likibaki au likiondoka. Hakuna mtu duniani anayetaka jiwe lile libaki kuliko mimi. Ndiyo maana macho yangu hayafai kulisemea.

Nimeandika ukurasa mmoja wa kweli, uko ndani ya bahasha hii. Unasema mashimo yamechongwa upya mwaka huu, kwamba kuchonga upya ni desturi ya nyumbani kwetu kabla ya ugeni, na kwamba kwa picha peke yake haiwezekani tena kujua kilichokuwepo kabla, kwa hiyo wazee waulizwe. Basi. Ukitaka mpe Provia, ukitaka utie moto.

Mimi bado ni mtoto wako, hata ukinisalimu kidogo.

Asio


Osukuru
22 Septemba 2024

Mwanangu mpendwa Asio,

Yoga, yoga tena, na yoga ya tatu kwa kunyamaza kwangu. Mama mdogo wako hajambo. Wimbi tumevuna, pombe yake ya ajon tumeshapika, na Otai amekunywa kwa mrija mpaka akaanza kumtongoza mkewe mwenyewe akidhani ni mgeni. Mama yako alikuja kutoka Dabani akakaa nasi siku kadhaa. Amenenepa, usimwambie nimesema.

Mwezi wa saba nilikuwa na hasira. Akullo alikuwa ananiwekea chakula na kuondoka, maana kila neno lilikuwa ugomvi. Ukurasa wako niliuweka chini ya godoro. Nikautoa, nikausoma, nikaurudisha. Neno lililoniuma ni lile la jina langu kuondoka na jiwe. Niliona umenitukana. Halafu nikaona wewe peke yako ndiye uliyefikiria habari ya jina langu, mimi mwenyewe nilikuwa nafikiria jiwe tu.

Wakubwa walikuja mwezi wa nane. Mkubwa wao, mtu mnene mwenye kofia, akapiga magoti akapitisha kidole ndani ya shimo. Akauliza, "Mzee, hii mashimo nani amechonga?" Otai akanikanyaga mguu. Nikasema, "Babu yangu alichonga. Na mimi nimechonga juu yake mwaka huu, na nyundo yangu. Nilikuwa nawatengenezea nyinyi." Nikampa ukurasa wako. Akausoma akiwa bado amepiga magoti. Akasema, "Sasa ya babu tutaijuaje?" Nikamjibu, "Hamwezi." Waliwauliza wazee wengine wawili, wakasema kama mimi, lakini wote ni wa ukoo wetu na mkubwa yule si mjinga. Aliniambia kwa heshima kwamba haiwezekani. Provia aligeukia upande wa mihogo, nadhani alikuwa anajifuta macho.

Kwa hiyo jiwe linaondoka, mwanangu. Kampuni itaanza kiangazi. Nimelia, nakuambia wazi, nimelia mbele ya Loice na yeye akaniongezea sukari bila kuulizwa. Kila jioni sasa mimi na Otai tunapanda kucheza mweso pale juu. Mashimo ni mazuri sana, nimeyagonga vizuri. Otai ananishinda.

Ukoo umekaa na tumekubaliana kumhamisha baba yako hapa nyumbani, kando ya nyumba yangu, chini kidogo ya migomba. Mahali hapo nilikuwa nimejiwekea mwenyewe. Nimempa. Mimi nitasogea. Utotoni tulilala mkeka mmoja na yeye alikuwa anavuta blanketi lote, nimezoea.

Sasa lile la mwisho, na ndilo lililoniketisha hapa tangu asubuhi. Umeandika kwamba sisi tumekwisha kulia tukanawa uso. Nani amekudanganya? Mwaka ule tulizika kwa haraka, watu wachache, askari amesimama barabarani, hakuna matanga, hakuna wimbo uliofika mwisho. Udongo ulirushwa na wanaume wanne waliofunikwa pua. Mama yako alikuwa amekwama ng'ambo ya pili, upande wa Kenya, hakuvuka mpaka wiki iliyofuata. Mimi nilikuwa natazama saa, Asio. Nimemzika kaka yangu nikitazama saa. Hakuna aliyelia. Sote tulikuwa tunasubiri wewe uje ndipo tuanze, na wewe ulikuwa unaogopa kwamba tumemaliza.

Kampuni wameniuliza tarehe ya kufukua. Katekista ameniuliza. Seremala ameniuliza kwa sababu anataka kukausha mbao. Mama yako ameniuliza mara mbili. Wote nimewapa jibu moja, kwamba tarehe haiko kwangu. Mara ya kwanza hatukuruhusiwa kungoja mtu. Safari hii tunangoja, na jembe la kwanza halitashikwa na mtu mwingine yeyote.

Taja siku, mwanangu.

Emoit